Wakazi wa Tangi Dogo la Maji ya Bahari

Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alikuwa Torquay, mji wa pwani ya Devon nchini Uingereza, alipovutiwa na matumbawe madogo yaliyojishika miambani. Hayakuwa ya jamii inayojenga miamba katika bahari za joto. Kila moja lilikuwa kiumbe pweke chenye kikombe kigumu cha chokaa, upana wake sentimita mbili au tatu, na juu yake minyiri laini inayong'aa. Thynne aliyashona kwa sindano na uzi kwenye sifongo kubwa, akayatia katika mtungi wa maji ya bahari, akarudi nayo London.

London haina bahari. Maji aliyokuja nayo yalipopungua, na mengine yakawa bado njiani, ilibidi ayatumie yale yale. Mtumishi wa nyumbani akapewa kazi ya kuyamimina kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi kwa siku, ili yapate hewa. Mwaka uliofuata Thynne aliongeza mwani ndani ya vyombo. Matumbawe yaliishi na kuzaana kwa takriban miaka mitatu, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1859 katika jarida la wanasayansi.

Historia ya tangi la maji ya bahari nyumbani husimuliwa zaidi kupitia vifaa: kioo, pampu, chumvi ya dukani, taa. Vifaa hivyo vina sehemu yake. Lakini ukifuatilia nani alifaulu na nani aliambulia uvundo, utakuta kwamba mara nyingi mambo yaliamuliwa mapema zaidi, pale mtu alipochagua amtie kiumbe gani majini na wangapi. Mtumishi wa Thynne angemimina maji mchana kutwa bila kumwokoa samaki mkubwa. Tumbawe lile liliokoka kwa kuwa halitembei, halitaki jua kali, linakula kidogo na linavuta hewa kidogo.

Kabla ya Thynne kulikuwa na Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyezaliwa Juillac mwaka 1794. Alikuwa mshonaji wa nguo Paris, akaolewa na mfanyabiashara Mwingereza na kuhamia Messina, kisiwani Sicily. Huko, mwaka 1832, alianza kumchunguza agonauti, aina ya pweza ambaye jike lake hukaa ndani ya kombe jembamba jeupe. Kwa karne nyingi wataalamu walibishana: je, kombe lile ni la pweza mwenyewe, au ameliiba kwa mnyama mwingine? Villepreux-Power alitengeneza matangi ya kioo, na pia vizimba vilivyotiwa nanga baharini, akawafuga tangu wakiwa wachanga. Alivunja vipande vya kombe, akatazama wanavyoliziba tena. Jibu likapatikana: jike hulitengeneza mwenyewe. Lakini bahari ya Messina ilikuwa karibu na nyumba yake, na agonauti alipatikana hapo hapo. Aliyeishi mbali na maji ya chumvi hakuweza kumwiga.

Fumbo la mtu wa bara lilianza kufumbuliwa na mkemia wa London, Robert Warington. Mwaka 1849 aliweka samaki wawili wa rangi ya dhahabu katika chombo cha maji baridi, pamoja na mmea wa majini. Mmea ulitoa oksijeni, samaki wakapumua. Baada ya muda majani yakaanza kuoza, maji yakachafuka. Warington akaongeza konokono. Wakala majani yaliyooza na utelezi wa kijani, na maji yakatakata. Tangu siku hiyo konokono alikuwa mkazi mwenye kazi yake. Miaka michache baadaye Warington alihamishia fikra hiyo kwenye maji ya chumvi, akitumia mwani wa kijani na konokono wa pwani.

Aliyewafundisha watu wa kawaida kuchagua alikuwa Philip Henry Gosse. Alikwisha kufanya kazi Newfoundland, Alabama na Jamaica, na mwaka 1852 alikwenda Devon akiwa na afya dhaifu, akashinda miambani maji yanapokupwa. Mnamo Mei 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua nyumba ya samaki, akwariamu ya kwanza ya umma duniani, na sehemu ya viumbe wake ilitoka kwa Gosse. Mwaka 1854 alitoa kitabu chake kuhusu tangi la bahari, na mwaka huo huo akatangaza namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa chumvi nne: ya kupikia, ya magnesiamu salfeti, ya magnesiamu kloridi na ya potasiamu kloridi. Kodi ya kioo ilikuwa imeondolewa mwaka 1845, na reli zilikuwa zikifika miji ya pwani mmoja baada ya mwingine. Tangi la sebuleni likawa jambo la kila mwenye nafasi.

Kinachomtofautisha Gosse na waliomfuata ni macho yake. Alimtazama konokono kwa lenzi akipanda kioo kilichoota utando wa kijani. Ulimi wa konokono huyo ni utepe wenye safu za meno madogo sana. Unatoka, unakwangua, unarudi kinywani, kisha unatoka tena hatua moja mbele. Nyuma yake hubaki alama za nusu duara zilizopangana, kioo kikiwa wazi pale ulipopita. Mtu aliyeona hivyo hahitaji kuambiwa kwa nini konokono aingie tangini mapema.

Kwa anayeanza, viumbe waliofaa walikuwa wale wa vidimbwi vya miambani: anemoni wa bahari, kamba wadogo, samaki wa miambani wa urefu wa kidole, konokono. Mantiki ya uchaguzi huo inaeleweka upesi na yeyote aliyekulia pwani, awe wa Devon au wa Msambweni nchini Kenya. Maji yakipwa, kidimbwi hubaki peke yake. Jua hukichemsha, mvua hukipunguzia chumvi, hewa ndani yake hupungua. Kiumbe anayeishi humo amezoea taabu zile zile zitakazompata katika tangi dogo. Samaki wa maji makuu hajawahi kuonja hata moja ya taabu hizo, kwa hiyo hana namna ya kuzikabili.

Wengi hawakusikiliza. Katika miaka ya 1850 pwani za kusini mwa Uingereza zilijaa watu wenye ndoo, nyundo na patasi. Kasisi na mwandishi Charles Kingsley aliandika kuzisifu. Mwandishi George Eliot na mwenzake George Henry Lewes walikwenda Ilfracombe mwaka 1856 kutafuta anemoni. London kulikuwa na duka la William Alford Lloyd, ambaye orodha yake ya mwaka 1858 ilitaja viumbe, matangi na bei zake, kwa ajili ya wateja ambao hawakuwahi kukanyaga mwamba. Wanunuzi walichagua kwa rangi na kwa ajabu. Kaa mkubwa aliwekwa pamoja na anemoni, kiti cha pweza akawekwa pamoja na kome, na asubuhi aliyebaki ni mmoja. Wengine walijaza viumbe 30 mahali panapotosha watano.

Kifo kimoja katika bahari ni chakula cha wengine. Katika lita 40 za maji kifo kimoja ni msiba wa wote. Mzoga hutoa amonia, amonia humdhoofisha jirani, jirani akifa anaongeza amonia, na kwa siku mbili tangi zima linanuka. Watu wa wakati ule hawakujua jina la adui huyo. Ni mwaka 1890 ndipo Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi, alipoeleza bakteria wanaogeuza amonia kuwa chumvi zisizo na sumu kali. Hata hivyo mafundi wa zamani walikwisha kuona kwa uzoefu kwamba tangi lililokaa muda mrefu na mawe yake, likiwa na viumbe wachache, hustahimili zaidi kuliko jipya lililojazwa siku moja.

Mwandishi J. G. Wood, katika kitabu cha mwaka 1868, alitazama nyuma na kusema kwamba homa ile ilikuwa imepita na sehemu kubwa ya matangi yameachwa. Duka la Lloyd lilikuwa limefilisika mapema katika muongo huo. Lloyd mwenyewe hakukata tamaa. Alikwenda kuendesha akwariamu ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864, kisha ile ya Crystal Palace mwaka 1871, ambako hifadhi kubwa ya maji gizani chini ya matangi ilizidi kwa mbali maji yaliyokuwa yakitazamwa. Hasara nzito zaidi ilibaki pwani. Mwaka 1907 mwanawe Gosse, Edmund, aliandika kwa uchungu jinsi vidimbwi alivyovijua utotoni vilivyokombwa na umati uliosoma vitabu vya baba yake. Gosse alitaka watu waipende bahari, na kwa mapenzi hayo hayo wakaikwangua.

Wakati homa hiyo inapanda na kushuka, kulikuwa na anemoni mmoja Edinburgh aliyekuwa akiendelea na maisha yake bila wasiwasi.

Sir John Graham Dalyell, mtaalamu wa viumbe wa Scotland, alimwokota mwaka 1828 kwenye miamba ya North Berwick. Alikuwa wa aina ya kawaida kabisa, yule mwekundu wa kahawia anayekunja minyiri na kuwa donge la nyama maji yanapokupwa. Kwa kumlinganisha na wengine, Dalyell alimkadiria umri wa miaka saba. Akamweka katika chombo kidogo cha kioo, na kwa kuwa nyumba ilikuwa mjini, mchukuzi alilipwa kuleta maji mapya kutoka baharini. Hakukuwa na pampu wala mwani wala chujio. Chakula chake kilikuwa nusu ya kome, takriban kila wiki mbili.

Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akarithiwa na mtaalamu mwingine, kisha mwingine, hadi akafika mikononi mwa watunzaji wa bustani ya mimea ya Edinburgh. Kwa wakati huo alikuwa na jina, "Granny", yaani bibi, na kitabu cha wageni ambamo watu zaidi ya elfu moja walitia saini. Alizaa mamia ya watoto, ambao hutoka kinywani mwa mama wakiwa wamekwisha kuumbika. Usiku mmoja wa mwaka 1857 walitoka zaidi ya 200. Alikufa Agosti 1887. Alikuwa ameishi chomboni miaka 59, na gazeti la The Scotsman likamwandikia tanzia.

Kisa cha Granny kinastahili kukaliwa kitako kuliko visa vyote vya matangi makubwa ya karne hiyo. Palikuwa na kiumbe mmoja, wa mahali ambapo maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, anayelishwa kidogo na kubadilishiwa maji mara kwa mara. Waliomtunza walibadilika; yeye na utaratibu wake havikubadilika. Mtu anayetafuta kanuni ya kumchagulia tangi dogo mkazi ataipata nzima katika chombo kile.

Karne ya 20 ilileta umeme, na pamoja nao pampu za hewa na vipasha joto. Sasa mtu wa Chicago au Berlin angeweza kuweka nyumbani samaki wa bahari za joto. Katika miaka ya 1950 Robert Straughan wa Florida alieneza chujio linalolala chini ya changarawe, ambamo maji hupita na bakteria wa Winogradsky hufanya kazi yao. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaeleza wasomaji wa jarida la Marekani namna yake: mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe vyake vyote, maji safi, mwanga, na viputo vichache vya hewa. Wakazi wa kwanza wa tangi lake walikuwa wale wasioonekana, waliojificha ndani ya jiwe. Samaki walikuja baadaye. Mpangilio huo, jiwe lenye uhai kwanza na samaki mwishoni, ndio unaofuatwa hadi leo na wafugaji wengi wa matangi madogo. Miaka michache baadaye chumvi ya bahari ya mfukoni ikaanza kuuzwa madukani, na hapo umbali wa pwani ukaacha kuwa hoja.

Hoja mpya ilikuwa samaki mwenyewe. Nchini Ufilipino, kuanzia miaka ya 1960, wavuvi walianza kupuliza sayanidi kwenye mapango ya matumbawe ili samaki walewe na kukamatika. Samaki alifika dukani anang'aa, akafa wiki chache baadaye bila mnunuzi kujua sababu, na tumbawe alikotolewa likafa pia. Njia hiyo ilipigwa marufuku, lakini iliendelea kwa siri kwa miongo mingi.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo iliingia katika biashara hii. Kwa zaidi ya nusu karne wapiga mbizi wa Kenya, kutoka Shimoni hadi Kilifi, wamekuwa wakinasa samaki wa mapambo kwa vyandarua vya mkono, nje ya hifadhi za taifa za bahari ambamo uvuvi hauruhusiwi. Samaki hufungwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni na kupelekwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na Asia. Anayenasa anajua tabia za samaki kuliko muuzaji wa mbali: huyu hukaa pango moja mwaka mzima, yule huzunguka mwamba kutwa. Ujuzi huo ukipotea njiani, mnunuzi hubaki na rangi tu.

Mfano ni kitatange. Aina zake nyingi zenye mistari ya manjano na nyeusi hula nyama ya matumbawe hai na karibu kingine chochote hawakigusi. Katika tangi dogo hukonda na kufa. Kangaja hula mwani na hukubali chakula cha dukani, ila ni mwogeleaji wa safari ndefu na hukua kuliko tangi lake. Yule samaki mwembamba wa mistari ya buluu na nyeusi anayewasafisha wenzake wadudu ngozini ni wa kusikitisha zaidi. Akiwa mwambani ana foleni ya wateja. Akiwa peke yake na samaki wawili hana kazi, na mara nyingi hufa njaa. Tofauti nao kuna kitatange mdogo wa pwani yetu, kutoka Somalia hadi Afrika Kusini, mwenye kiwiliwili cha buluu, na kichwa na mgongo wa rangi ya chungwa. Hazidi sentimita nane, hudonoa mwani na vijidudu kwenye mawe, na hubaki karibu na makazi yake. Tangi la kiasi lenye mawe yaliyokomaa linamtosha, ingawa anaweza kudonoa matumbawe yaliyopandwa humo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, Florida, pale Martin Moe alipofaulu kuwazalisha samaki klauni kwa ajili ya kuuza. Klauni ni kiumbe aliyeumbiwa eneo dogo. Porini hutumia karibu maisha yake yote ya ukubwani ndani ya minyiri ya anemoni mmoja, na akiwa tangini anaweza kuishi hata bila anemoni. Mwaka 1977 Hans na Simone Fricke walionyesha jinsi familia yake inavyopangwa: mkubwa wa kikundi ni jike, wa pili ni dume lake, wengine ni wadogo wasiozaa. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike na mdogo anayefuata hupanda cheo. Kwa hiyo mfugaji hahitaji kujua jinsia. Huchukua wawili wachanga, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake, na wenyewe hupangana. Mayai hutagwa kwenye jiwe na huanguliwa baada ya wiki moja hivi, giza linapoingia. Taabu iko kwa watoto, ambao huelea takriban siku kumi na hutaka chakula chenye chembe ndogo mno, ambazo ni vigumu kuziona kwa macho. Moe aliwalisha planktoni.

Samaki mwingine wa tangi dogo alikuja katikati ya miaka ya 1990, na historia yake inauma. Mtaalamu wa Uswidi Walter Kaudern alimkusanya mwaka 1920 katika visiwa vya Banggai, Indonesia. Akapewa jina la kisayansi mwaka 1933, kisha akasahaulika hadi Gerald Allen alipomtangaza upya. Ana mwili wa fedha wenye mistari myeusi na madoa meupe, na mapezi marefu. Hukaa katikati ya urchini wa bahari, wale wenye miiba mirefu inayowachoma wapitaji miambani. Ni mtulivu na mdogo, haogelei mbali. Dume hubeba mayai kinywani, wiki tatu hivi hadi yaanguliwe, kisha huwahifadhi watoto kwa siku nyingine kumi bila kula. Wakitoka wamekwisha kuwa samaki kamili, na wanaweza kulishwa na mfugaji yeyote mwenye subira.

Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyomponza. Kwa kuwa watoto hawaelei na mkondo, samaki hawa hawakuwahi kusambaa wenyewe nje ya visiwa vyao. Wakinaswa hapo wamekwisha. Hakuna bahari nyingine itakayowarudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wakisafirishwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka, na mwaka 2007 waliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2016 Marekani, mojawapo ya masoko yao makubwa, iliwaweka chini ya sheria yake ya viumbe walio hatarini. Siku hizi wengi huzalishwa mashambani, hasa Thailand, na mnunuzi anaweza kumwuliza muuzaji kama samaki aliye mbele yake alinaswa Banggai au alizaliwa tangini. Aliyezaliwa tangini amezoea chakula cha mfugaji, na hakuna mahali baharini palipobaki patupu kwa ajili yake.